Sura ya Saba: Upande wa Chokaa

Chupa zilikuwa zimelazwa mezani juu ya blanketi la polisi, nyeusi tititi, kila moja na kikaratasi kilichofungwa shingoni kwa uzi. Mwonjaji alizitazama kwanza bila kuzigusa, kama daktari anayemtazama mgonjwa kabla ya kumwambia avue shati. Kisha akavua koti lake mwenyewe, akakunja mikono ya shati, akaomba aletewe karatasi nyeupe, taa kali na ndoo.

"Ndoo ya nini?" Inspekta akauliza.

"Ya kutemea."

"Kwani ni mbaya kiasi hicho?"

Mwonjaji akacheka kwa adabu. Wenye hoteli na wapiga mnada walimwita Ulimi, na hapakuwa na mwingine wa kumfikia katika kupima mvinyo wa zamani. Inspekta naye kazini alikuwa na jina lake: Mama Kwa Nini. Hakulichukia. Pombe alikuwa hajawahi kuionja maishani, lakini maswali alikuwa nayo tele, na leo alikuwa na hamu ya kujua kila kitu.

"Huu ni mvinyo wa Porto, Inspekta," Ulimi alisema. "Si wa kunywa na kusahau. Zabibu za mwaka mmoja tu, mwaka uliokuwa mzuri. Unaongezwa pombe kali, unatiwa chupani ukiwa bado unauma, halafu unalazwa. Unazeekea humo humo. Ukizeeka unaangusha mashapo, nayo yanaganda kwenye kioo upande wa chini. Sisi tunaita ukoko."

"Kama wa sufuria."

"Kama wa sufuria, ila huu haukwanguliwi."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwenye hoteli kongwe ya mji alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mwaka aliooa alinunua mvinyo huo, akaulaza katika stoo ya chini ya hoteli, na kila ilipofika siku ya ndoa yao alifungua chupa moja akanywa na mkewe. Mwaka huu mjane alifungua peke yake. Alionja, akaiweka glasi chini, akapiga simu polisi. Haukuwa ule. Chupa yenyewe, kwa bahati mbaya, jikoni walikuwa wameshaiosha na kuitupa kabla askari hawajafika. Ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu mmoja tu, mtunza stoo, mzee ambaye hoteli nzima ilimwita Mzee Taratibu kwa jinsi alivyotembea na alivyoshika vitu. Akawekwa mahabusu.

Alasiri hii jalada lilitakiwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Likifika bila jibu jipya, mzee angepelekwa mahakamani, na kutoka hapo rumande, na kwa kifua chake cha pumu kila mtu kituoni alijua rumande ingemmaliza. Binti yake, muuguzi, alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, bado na sare ya kazini. Inspekta alipompita, binti alisimama akamwamkia kwa heshima zote. Salamu ile ilimuuma Inspekta kuliko kama angetukanwa.

"Na huu weupe?" Inspekta akaonyesha doa lililopakwa ubavuni mwa kila chupa.

"Chokaa. Ni desturi ya kazi. Ukishailaza chupa, unapaka upande wa juu. Siku ukiihamisha, popote uendapo unailaza tena chokaa juu, ili ukoko ubaki chini ulipo. Kila mtunza mvinyo anajua hilo."

Akawasha taa, akainua chupa ya kwanza mbele yake. Kioo kilikuwa kizito, mwanga ulipenya kwa shida, lakini Inspekta alipoinama karibu aliona: chokaa upande huu, na upande wa pili utando mweusi ulioshika kioo. Ulimi akaridhika, akaiweka kando. Ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Alipoinua iliyofuata, mkono ukasita. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaisogeza taa.

"Kuna nini?"

"Ajabu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeshangaa kweli.

Ukoko wa chupa ile ulikuwa nyuma ya chokaa, upande ule ule.

Alimaliza kuzikagua zote, akazigawa makundi mawili: kubwa kuliani, dogo kushotoni. Kisha akajifuta vidole na kitambaa, kidole kimoja kimoja, na Inspekta akaona anajipa muda wa kufikiri.

"Hizi nyingi ni halali," alisema hatimaye. "Hizi chache zimechezewa. Ukoko uko upande wa chokaa, maana yake mtu amezigeuza. Amemimina mvinyo, akajaza kitu kingine, akazirudisha miguu juu kichwa chini."

"Na ukoko akauacha ndani?"

"Ukoko mgumu haumwagiki, Inspekta."

"Hebu tuonje basi. Moja ya huku, moja ya huku."

Kufungua tu kulikuwa kazi. Kizibo cha kwanza kilimegeka kama mkate mkavu, akakitoa vipande vipande. Aliweka mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akamimina polepole kwenye jagi la kioo huku macho yakiwa kwenye mwali, na mashapo yalipokaribia shingoni akaacha. Akatia kidogo katika glasi, akaiinamisha juu ya karatasi nyeupe. Rangi ya tofali bichi. Akanusa. Akanywa funda, akavuta hewa mdomoni kwa kelele kama mtoto anayekunywa uji wa moto, akatema ndooni.

"Ndio huu. Umechoka kidogo, stoo ya mzee ilikuwa na joto. Lakini ndio."

Inspekta akaomba anuse. Ilinukia spiriti, na nyuma ya spiriti kitu kama zabibu kavu.

Ya pili ilitoka katika kundi dogo. Juu ya karatasi rangi yake ilikuwa nyekundu iliyotulia, na ukingoni imeingia dhahabu, kama asali ikitazamwa dirishani. Ulimi alinusa, akafumba macho, akanusa tena. Akanywa. Akavuta hewa, taratibu safari hii, bila kelele. Lori likapiga honi barabarani, hakushtuka. Inspekta alikuwa anasubiri ndoo ilie. Badala yake akaona koromeo la mwonjaji linapanda na kushuka.

"Umekufa," Ulimi alisema. "Umechacha. Hauna thamani yoyote. Nashauri hizi chache nizichukue kwangu nikazipime vizuri, hapa zitawapa harufu tu."

"Ni vielelezo, haziondoki."

"Bila shaka, bila shaka."

"Uliwahi kuziona kabla ya leo?"

"Mwaka jana, baada ya mazishi. Mjane aliniomba nizitathmini. Nilizipeleka kwangu penye nafasi na mwanga, nikazirudisha salama. Lililotokea limetokea baada ya hapo, na ufunguo unajua uko kwa nani."

Lilikuwa jibu safi, halikuacha mwanya hata wa sindano. Inspekta alikuwa na tabia ya kuyaogopa majibu ya namna hiyo.

"Samahani, mimi si mtu wa mambo haya," alisema. "Mbona hii ya pili hukutema?"

"Nilipaliwa."

"Pole."

Ulimi alipokwisha kuondoka, Inspekta alibaki ameitazama ndoo. Mtu gani anatema kilicho hai na kumeza maiti? Akanusa ile glasi ya pili. Spiriti hakuisikia. Alisikia tini, ngozi ya kiti cha zamani, na kitu kingine kitamu ambacho hakukijua jina, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani angekuwa mnywaji, walau kwa dakika moja tu.

*

Mzee Taratibu aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa anahema kidogo. Alimpa Inspekta pole ya kazi kabla hajapewa yeye pole ya kufungwa.

"Mzee, nina swali moja la ajabu. Chokaa kwenye zile chupa alipaka nani?"

"Mimi, mwanangu. Bosi alipozileta, tulizilaza pamoja, nikazipaka."

"Upande gani?"

"Chini."

Inspekta akaacha kuandika. "Chini?"

"Chini."

"Mimi nimeambiwa desturi ni juu."

"Hata bosi aliniambia hivyo. Alipoona nimepaka chini alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akasema, wenzetu wote wanapaka juu. Nikamwambia, wenzetu hawaogopi ngazi." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Zile chupa ziko huko juu karibu na dari, mwanangu. Mimi nilianguka zamani nikavunja bega, tangu hapo ngazi na mimi hatusalimiani. Basi nikipaka chini, nasimama sakafuni na tochi, naiona chokaa kwenye nafasi za mbao, najua hakuna iliyobingirika. Bosi akasema sawa, mradi tunajua sisi wawili."

"Na mwaka jana ziliporudi kutoka kwa mwonjaji?"

"Nilimwomba mhudumu mmoja apande, mimi nikiwa chini namwelekeza. Chokaa chini, kama siku zote."

"Sasa Mzee, kwa nini hukuyasema haya tangu siku ya kwanza?"

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Nani aliniuliza? Mliniuliza ufunguo."

Inspekta alihisi uso unamchoma. Mama Kwa Nini mzima, siku zote hizi, na swali lililotakiwa hakuliuliza.

*

Mjane aliwasha taa ya stoo mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa nguo nyeusi, asiyependa kushikwa mkono kwenye ngazi. Kulikuwa na baridi nzuri humo ndani, baridi ya kutosha kabisa, na Inspekta akaikumbuka ile kauli ya stoo yenye joto akaiweka pembeni ya kichwa. Rafu za mbao zilipanda hadi dari, na vibao vyake vilikuwa vimeachana kiasi cha vidole viwili.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa ilibidi mtu ainue shingo. Inspekta alipanda ngazi akailaza pale juu chupa moja aliyokuja nayo, chokaa chini, akashuka, akasimama sakafuni, akamulika tochi. Doa jeupe lilionekana wazi kati ya vibao viwili. Hakuna aliyeweza kulikosa.

"Kwa hiyo hakuwa anadanganya," mjane alisema.

"Hapana, Mama. Na sasa sikiliza. Chupa iliyozeekea humu ilikuwa imelalia chokaa yake. Mashapo huenda chini. Kwa hiyo chupa yenu halisi, ukoko wake lazima uwe upande wa chokaa."

"Na zile zenye ukoko upande wa pili?"

"Hizo zimezeekea kwingine, kwa mtu anayepaka chokaa juu kama inavyotakiwa. Anayejua kazi yake vizuri. Akahamisha vikaratasi vya shingoni, akawaletea za kwake, mwaka mwingine wa bei ya chini. Nadhani za kwake hazikutosha idadi, ndiyo maana zenu chache zilirudi. Alizionja leo akaapa ndizo zenyewe."

Mjane akazipitia kwa macho nafasi tupu za rafu. Inspekta alikuwa amebeba chupa ndogo ya kioo ndani ya mkoba, iliyofungwa vizuri, na ndani yake mvinyo ule wa pili, ule uliokwisha kuhukumiwa kifo. Alikuwa amesitasita njia nzima kama amwonjeshe mjane au asimwonjeshe. Aliogopa kumtonesha. Lakini bila ulimi wa pili, maneno yake yote yalikuwa hesabu ya chokaa tu.

"Mama, naomba uonje huu. Ukikataa nitaelewa."

Mjane akachukua glasi kutoka kwenye kabati la stoo, akaipangusa kwa upindo wa nguo. Akanywa funda dogo tu. Akaishusha glasi taratibu. Kisha akageukia rafu, akaishika mbao, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Huu ndio," alisema alipopata sauti. "Huu ndio wetu. Nani amekuambia umekufa?"

"Mtu aliyeumeza."

Mjane akafuta macho, akanyoosha mgongo, na huzuni yote ikageuka hasira usoni pake. "Na yule mzee nimemfungisha mimi. Mtu aliyekuja hapa kabla sijazaa mtoto wa kwanza. Nenda, mwanangu. Usisimame hapa na mimi."

*

Hakimu alitia saini hati ya upekuzi bila maswali mengi, na jua lilikuwa bado liko juu Inspekta alipofika na Sajini kwenye nyumba ya Ulimi. Mkewe alifungua mlango na mwiko mkononi.

"Yuko stoo," alisema. "Amerudi mchana, amejifungia. Chakula nimepeleka kimerudi. Kuna nini jamani?"

Inspekta alishuka akijua atakachokikuta: rafu tupu na mtu mwenye jibu safi. Ulimi alikuwa amepata mchana mzima, na gari analo. Mwizi yeyote angekuwa ameshahamisha kila kitu. Alijuta kwamba hakuja moja kwa moja baada ya kumhoji mzee.

Mlango haukufungwa na ufunguo. Ulimi alikuwa amepiga magoti sakafuni, taa pembeni, shati limelowa mgongoni. Mbele yake chupa nyeusi zilikuwa zimelala kwenye rafu ya chini, hazina vikaratasi. Alikuwa ameishika moja kwa mikono miwili, akiizungusha kidogo kidogo. Zilizoko kushoto kwake chokaa ilishageuzwa chini. Za kulia bado zilitazama juu, nyeupe.

"Usiingie kwa nguvu," alisema bila kugeuka. "Tafadhali. Sakafu inatikisika."

Sajini akataka kuingia kwa nguvu. Inspekta akamzuia kwa kiganja, akaja akachuchumaa kando ya mwonjaji, akamulika tochi chupa ambayo haijaguswa. Nyuma ya chokaa palikuwa na ukoko mzito wa zamani, umeng'oka vipande. Upande wa chini, mashapo mapya yalilala kama vumbi la mkaa, laini, yakielea kila sakafu ilipotikisika.

"Miaka yote zililalia chokaa," Inspekta alisema. "Halafu mwaka mmoja zikalala kinyume. Ukoko ukaanza kudondoka."

"Nilizilaza chokaa juu. Mwaka mzima." Sauti ilikuwa imepasuka. "Mimi. Kioo cheusi hiki huoni kitu mpaka uweke taa kama ile yako, na niliogopa kuzisumbua. Asubuhi nilipoona mezani kwako, nusura nianguke. Nilijua hapo hapo nimezifanya nini."

"Ukasema zimechezewa."

"Ningesema nini?"

"Ulikuwa na mchana mzima. Ungezihamisha nisingekuta hata moja."

Akamtazama kama mtu aliyesikia upuuzi. "Ukizihamisha katika hali hii zinavurugika zote, hazitanyweka tena. Zinatakiwa zigeuzwe polepole, ziachwe zitulie. Nimebakisha hizi tu. Niache nimalize hizi, Inspekta, halafu nifunge pingu. Wale wa hoteli wangempa nani chupa hizi? Wangezifungua kwenye karamu, wangetia barafu."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomsumbua Inspekta. Alizipenda chupa zile. Kwa dakika moja alimwonea huruma mtu huyu aliyeiba kitu kwa mapenzi kisha akakiharibu kwa utaalamu wake mwenyewe.

"Na mzee?" akamuuliza.

"Mzee gani?"

Hapakuwa na ujanja ndani ya swali lile. Ulimi aliuliza tu, mikono bado imeshika chupa, macho yakiwa kwenye mashapo, na ilichukua muda kabla hajaelewa ni mtu gani anayezungumziwa. Alipoelewa, akaishusha chupa na kuinamisha kichwa. Huruma ya Inspekta ikamwisha palepale.

"Mfunge," alimwambia Sajini. "Taratibu, usitikise sakafu."

Alitoka nje uani, penye mtandao, akapiga simu kituoni. Askari wa zamu alipokea akilalamika kwamba mwendesha mashtaka ameulizia jalada mara mbili.

"Mwambie jalada limebadilika jina. Mtoe Mzee Taratibu sasa hivi. Mpe dawa yake ya kifua na vitu vyake vyote, kisha mpeleke mwenyewe hadi kwenye benchi alipo binti yake. Mwambie namwomba radhi, na nitakuja kumwambia mwenyewe."

Mlango ukasikika, na sauti za mbali. Inspekta alishikilia simu sikioni, akasikia mwanamke akilia kwa sauti, na mtu akikohoa na kucheka pamoja. Askari akarudi kwenye simu.

"Afande, mzee anauliza chupa ziko wapi. Anasema kama zimepatikana yuko tayari kuja huko sasa hivi kuzilaza vizuri."

"Mwambie aende nyumbani akaoge, ale, alale," Inspekta alisema. "Zitamngoja. Hizo kungoja zimezoea."